Mgeni ni Kuku Mweupe

Wahenga wa pwani walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Shuleni methali hii hufundishwa kama onyo: mgeni na ajiangalie, kwa kuwa kila alitendalo huonekana upesi, kama kuku mweupe aonekanavyo uwanjani kati ya kuku wa rangi nyingine. Maana hiyo ni sahihi na hatuna ugomvi nayo. Lakini katika insha hii twapenda kuitumia methali hiyo kwa kazi nyingine, nayo ni kupimia maandishi. Tunayo katika Kiswahili maandishi ya watu waliohamia, au waliopita, katika nchi zisizo zao, wakaeleza tofauti walizoziona: jinsi wenyeji wanavyosalimiana, wanavyokula, wanavyozika. Swali letu kwa kila andishi la namna hiyo ni moja. Je, mwandishi anakumbuka kuwa naye alikuwa akitazamwa? Kwa maoni yetu hapo ndipo penye tofauti kati ya habari ya kweli na porojo iliyopambwa, nasi tutaeleza kwa nini twasema hivyo, pamoja na kosa letu wenyewe.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya neno nchi. Leo mwanafunzi asikiapo habari za nchi ya kigeni hufikiria pasi ya kusafiria na uwanja wa ndege. Wazee waliotutangulia hawakuwa hivyo. Kwao Udoe ilikuwa nchi, Uzigua nchi, Unyamwezi nchi. Mtu wa Bagamoyo aliyekwenda mwendo wa siku chache kutoka baharini alikwisha kuwa ugenini, penye watawala wengine, lugha nyingine na miiko mingine. Hata majina ya watu yalitegemea mahali aliposimama msemaji. Wanyamwezi walipewa jina hilo na watu wa pwani; na neno sukuma kwa asili yake ni kaskazini tu, ndiyo kusema Wasukuma ni watu wa kaskazini kwa yule aliye kusini yao. Hakuna mtu aliye wa kaskazini nyumbani kwake. Jina lenyewe, basi, limebeba macho ya jirani.

Kitabu tutakachokipima kwanza ni Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapwa Göttingen mwaka 1901. Ndani yake wanazungumza watu wetu wenyewe. Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari ya biashara kutoka pwani hadi ziwa Tanganyika. Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, anasimulia safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani. Naye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anasimulia safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Masimulizi haya yameandikwa kwa ajili ya Wajerumani waliojifunza Kiswahili, na mhakiki asiyekumbuka hilo atakosea; mwandishi alijua nani atasoma na nani alilipa. Hata hivyo kuna jambo ndani yake linalotupendeza. Msafiri anapokuwa njiani lugha yake huenda kwa miguu: tukaondoka, tukafika, wakatuuliza, tukajibu. Penye hongo, hasa, mgeni hana nafasi ya kujisahau. Mtawala wa nchi anamtazama, anahesabu mizigo yake, anampima kama ni mtu wa kweli au mwongo, ndipo anataja idadi ya nguo. Katika kurasa za namna hiyo kuku mweupe yumo, na sote twamwona.

Sasa tazameni jina la simulizi la Mtoro. Lina sehemu mbili: kwanza safari yake mwenyewe, kisha habari za Wadoe na mila zao. Sehemu ya kwanza ina mtu anayetembea. Sehemu ya pili ina watu wanaotazamwa, na yule mtembezi ametoweka. Hatusemi kuwa Mtoro amekosa. Twasema kwamba ndani ya jina moja umo mlango ambao waandishi wengi baada yake, nasi tukiwa miongoni mwao, waliupita bila kujua. Unatoka katika safari yangu, unaingia katika mila zao, na ukishaingia hujioni tena.

Mtoro huyu anatuhuzunisha kwa sababu nyingine pia. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi yake, kikieleza kwa utulivu wa ajabu namna watu wa kwao wanavyozaliwa, wanavyooana na wanavyokufa. Mwaka 1904 akaoa mwanamke wa Kijerumani. Katika darasa lake alipata dharau za wanafunzi wasiotaka kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka 1905 akajaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe, watawala wa kikoloni wakawakatalia kushuka pamoja. Akarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Karibu miaka 27 ya ugeni! Nani alikuwa na haki zaidi ya kutuandikia namna Wajerumani wanavyosalimiana ngazini, wanavyonyamaza katika gari la moshi, wanavyompokea mkwe asiye wa rangi yao? Lakini hatuna Desturi za Wajerumani kwa kalamu ya Mtoro. Aliulizwa juu ya kwao, akajibu vizuri kuliko wote. Juu ya kwao wenyewe hawakumuuliza. Pengo hilo katika fasihi yetu ni kubwa, na kila tusomapo Desturi za Wasuaheli hulisikia pembeni ya ukurasa.

Tumetoka mbali, sasa tuje kwetu. Sisi nasi ni watu wa Bagamoyo, na mwaka 1994, tukiwa vijana wenye cheti cha kidato cha nne na daftari la mashairi, tulipangiwa kazi ya ukarani katika mkoa wa Shinyanga, tukapanga nyumba katika kijiji kimoja cha Wasukuma. Kwa maana ya wazee, tulihamia nchi nyingine. Asubuhi watu walisema mwangaluka na alasiri mwadila, na jibu likawa refu kuliko salamu, mpaka kila mmoja amesema mhola, yaani habari ni njema. Wanawake walipiga goti kumwamkia mkubwa. Mtu aliitwa kwa jina la mzazi, Ng'wana fulani, hata akiwa na mvi. Penye wali wa nazi tuliouzoea pakawa na ugali, na nsansa, ambayo ni mboga ya majani yaliyokaushwa, na michembe, viazi vilivyokatwa vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama gome. Miezi michache baadaye tuliandika shairi, gazeti moja likalichapa, nasi tukalikata na kulibandika ukutani. Ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

Nimefika ugenini, watu hawana maneno,
Hunitazama usoni, pasiwe na mapatano,
Hujifungia jioni, kila nyumba kimya mno,
Nauliza duniani, wapi wapo wa mfano?

Tunaomba msomaji alihakiki bila huruma. Kwa upande wa fani halina kasoro kubwa: mizani ni nane kwa nane, vina vimekaa, na kituo kinauliza swali kama kituo kinavyopaswa. Labda ndiyo sababu mhariri alilipenda. Kwa upande wa maudhui ni shairi la uongo, na uongo wake tulionyeshwa na mtu ambaye hakuwahi kusoma kitabu cha uhakiki.

Mwalimu wa shule ya msingi alilisoma gazeti lile mbele ya wazee, akiwatafsiria. Siku ya pili mzee mmoja alitukuta njiani. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mstari wa tatu umesema kwamba hujifungia jioni. Ni nani huyo anayejifungia?"

Tukamjibu kwa heshima, "Mzee, ni watu wa hapa."

"Usiku ule wa mwano," akasema, "ulifungwa mlango wa nani?"

Hapa hatuna budi kueleza. Mwano ni yowe la hatari. Katika vijiji vile, ambamo sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, mwano ukipigwa kila mwanamume mwenye nguvu hutoka, awe na ng'ombe au asiwe naye, awe karani au mkulima. Wiki ya tatu tangu tufike, mwano ulipigwa usiku. Tuliusikia. Tulizima taa, tukatia komeo, tukakaa kitandani mpaka kukapambazuka. Huko pwani mtu mwenye busara hafungui mlango penye kelele asizozijua. Asubuhi jirani zetu walirudi na ng'ombe waliookolewa, miguu yao imechanwa na miiba. Hakuna aliyetugombeza. Walitujibu mhola, fupi, wakapita. Ukimya ule tuliouandikia shairi ulianza asubuhi ile. Haukuwa desturi ya Wasukuma; ulikuwa hukumu juu yetu, nasi tukauandika kama hali ya hewa ya nchi. Baraza lilitutoza mbuzi, tukamlipa, na jioni ile ile nyumba zile zilizokuwa kimya mno zikaanza kuzungumza nasi tena.

Sasa tulitazame shairi kwa jicho la sarufi, kwani hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Hunitazama. Hujifungia. Kiambishi hu- katika lugha yetu ni cha mazoea: jua huchomoza mashariki, maji huteremka bondeni. Kukitumia ni kutoa ushahidi kwamba umeona jambo likitendeka tena na tena, katika masika na kiangazi, mpaka limekuwa tabia. Sisi tulikuwa na miezi michache tu, na jambo lenyewe lilikuwa na chanzo chake na tarehe yake. Lugha iliyotupasa ni ya -li- na -ka-: nilifunga mlango, wakarudi, wakanyamaza. Lakini tungeandika hivyo, mlango wetu wenyewe ungeonekana, na shairi lisingekuwa tena malalamiko ya mgeni bali ungamo. Kiambishi kimoja kilitosha kutuficha.

Wapo watakaosema kwamba mshairi si karani wa mahakama, na kwamba shairi lina haki ya kusema upweke bila kueleza chanzo. Twakubali haki hiyo kwa shairi linalosema nina upweke. Letu lilisema watu hawa wako hivi, likawekwa katika gazeti lililosomwa nchi nzima na watu wasiowajua.

Tuliambiwa baadaye kwamba sisi nasi tulikuwa tumetungiwa. Miongoni mwa Wasukuma yupo ningi, mtunzi na mwongozaji wa nyimbo za ngoma, ambaye kila jambo jipya la nchi hupita mikononi mwake. Ningi mmoja alikuwa na wimbo juu ya karani wa pwani ambaye, siku aliyofika, aliletewa ungo wa michembe na mama wa jirani, naye badala ya kushukuru akauliza bei. Ni kweli tuliuliza bei. Tulikuwa tumesahau kabisa, wala katika shairi letu ungo ule haumo. Tumeandika kwamba hapakuwa na mapatano, ilhali mapatano yaliletwa mlangoni siku ya kwanza nasi tukayapigia hesabu. Tukizilinganisha tungo hizi mbili kama wahakiki, wa ningi unatushinda. Una siku, una chombo, una neno lililotamkwa, na haudai kwamba watu wote wa pwani huuliza bei. Wacheshi wenzetu wanaojua utani wa Wasukuma na Wazaramo wataongeza kwamba wangeweza kudai hivyo pia, na pasingekuwa na kesi.

Katika riwaya, aliyeelewa upande wa mwenyeji kwa kina ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambacho kwa Kiswahili kilitoka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wanafunzi hulalamika kuwa ni kirefu na kimejaa mila. Lakini mila zake zinatendwa na watu wenye haja. Myombekere anapowafuata wakwe zake ili arudishiwe mkewe, na kutakiwa pombe ya ndizi, yeye ni mgeni anayetazamwa katika kila hatua, na msomaji anajifunza desturi ya Wakerewe kwa kuogopa pamoja naye. Hiyo ndiyo njia tuliyoikosa sisi.

Baadaye tulihamishiwa Geita, wakati huo ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Huko methali yetu ilipata mtihani mwingine, maana ni vigumu kujua nani kuku mweupe na nani mwenyeji. Nchi ile ni sehemu ya Uzinza. Wasukuma walivuka na ng'ombe wao kwa wingi katika miaka ya 1940 na 1950, wakafyeka mapori, na leo katika magulio mengi Kisukuma ndicho kinachosikika zaidi. Mgeni alipewa jembe siku ya tatu kama methali nyingine isemavyo, akalima hadi akawa mwenyeji, na Mzinza akajikuta anaulizwa ametoka wapi. Kisha dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na upande wa Kahama, Bulyanhulu ukafunguliwa mwaka 2001. Wakaja watu wa Afrika Kusini, Ghana, Kanada na Australia, na kutoka kila pembe ya Tanzania wakaja wachimbaji wadogo.

Katika rashi, yaani machimbo yaliyofumuka ghafla, tuliona jambo ambalo fasihi yetu bado haijalitendea haki. Hapo wote ni wageni. Hakuna anayemuuliza mwenzake jina la ukoo; mtu anajulikana kwa jina la utani na kwa duara analoshukia. Mawe yakitoka, mgawo unajulikana: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la walioshuka. Mtu aliyelelewa katika salamu ndefu anajifunza kusalimia kwa neno moja, kwa kuwa anayesalimiwa huenda kesho amekwenda rashi nyingine. Nyimbo zipo, hadithi zipo, lakini waandishi wetu wengi wanaotaja machimbo huishia kwenye pombe na uzinzi, kwa kiambishi kile kile cha hu-, kana kwamba waliyatazama kupitia dirisha la basi.

Wageni kutoka ng'ambo nao wana maandishi yao. Tuliwahi kuona kwa kampuni moja kijitabu kilichotungwa kwa ajili ya wataalamu wapya. Kilisema kwamba Watanzania husalimiana kabla ya kueleza shida, hawatoi kitu kwa mkono wa kushoto, huwaheshimu wazee. Hakuna uongo hapo, na anayekifuata atapunguza makosa. Lakini hakikuwa na mstari hata mmoja juu ya namna mgeni mwenyewe anavyoonekana akipita ndani ya gari lililofungwa vioo, au akiishi nyuma ya uzio ambao mtoto wa kijiji anaujua kutoka upande mmoja tu. Tulicheka, kisha tukakumbuka ubeti wetu ukutani, tukaacha kucheka.

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika shule moja ya sekondari mkoani Geita kusaidia kusahihisha insha za mashindano. Mada ilikuwa: Desturi za wenyeji wa mahali ninapoishi. Insha nyingi zilifanana: Wasukuma hupenda ngoma, Wasukuma hufuga ng'ombe, Wasukuma hula michembe. Msichana mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Kigoma kufuata machimbo, aliandika kurasa mbili tu. Alisimulia jioni ya kwanza alipotumwa maji. Bibi mmoja kisimani akamwambia mwadila. Yeye alidhani neno hilo ni kama shikamoo, akaitikia marahaba, kwa sauti, kama mkubwa. Kisima kizima kikacheka. Aliandika kwamba alitamani ndoo imfunike. Kisha bibi yule akampigia goti, polepole, mbele ya watu wote, akamwomba radhi kwa kuchelewa kumwamkia mkubwa wake, na kicheko kikageuka kuwa cha wote. Tangu siku hiyo, aliandika, bibi huyo huniita mkubwa wangu. Ndiyo hu- pekee katika insha nzima, na alikuwa ameichuma kwa miaka miwili.

Mwalimu wa somo, mtu mwema na mwenye bidii, alikuwa amempa alama 9 kati ya 20 na kuandika kwa wino mwekundu: ametoka nje ya mada, amejieleza mwenyewe badala ya desturi. Tulibishana naye mpaka chai ikapoa. Tulimwonyesha kwamba katika kurasa zile mbili tumejifunza namna ya kuamkia, cheo cha umri, utani wa wazee kwa watoto, na namna kijiji kinavyompokea mtu, mambo ambayo zile insha nyingine ziliyataja bila kutuonyesha. Akasema kwamba mtihani wa taifa hautasahihishwa na sisi. Katika hilo alikuwa na haki, na hatukuwa na jibu. Tulipendekeza 17, yeye akasimama kwenye 13, na kwa 13 yule msichana alikuwa wa nne.